Ukinunua Skana ya Filamu Iliyotumika, Namba Iulize Mwisho

Skana ya filamu iliyotumika hutangazwa kwa namba: nukta 6400 kwa inchi, na mnunuzi papo hapo anaanza kupiga hesabu za pikseli. Kwa sisi tunaopiga filamu ya 120 (ile pana, ya kamera za ukubwa wa kati) au vipande vya inchi 4 kwa 5, naona hilo ni swali la mwisho kabisa.

Chukua Epson V700, iliyoingia sokoni mwaka 2006. Imeandikwa 6400, lakini undani unaoupata kweli ni kama 2300. Ukiwa na filamu ndogo ya 35mm utaumia. Ukiwa na negativu ya inchi 4 kwa 5, hizo 2300 zinakupa pikseli zaidi ya milioni 100, na picha ya ukutani inatoka vizuri sana. Anayepiga 6x7 (picha ya sentimita 6 kwa 7 kwenye filamu ya 120) na kutaka kuchapa kubwa atafurahia zaidi Nikon Coolscan 9000, ambayo 4000 zake ni za kweli, ila haipokei inchi 4 kwa 5. Basi anza na filamu uliyonayo kabatini.

Kinachoniuma zaidi ni uchafu wa ndani. Skana ya kwanza niliyonunua kwa mtu ilifika inang'aa kwa nje. Nikaiwekea slaidi (filamu yenye picha ya rangi zake halisi, si negativu) ya usiku. Kila taa ya barabarani ikatoka na utando mweupe pembeni, na weusi wa mbingu ukageuka kijivu. Nikailaumu lenzi ya kamera. Kisha nikaishika slaidi ileile dirishani na kuitazama kwa kikuza: taa zilikuwa kali, kingo zimekatika safi, mbingu nyeusi tii. Ubovu ulikuwa kwenye kioo kidogo cha ndani kinachopeleka mwanga kwenye lenzi, kimeshika vumbi laini kama poda. Wiki nzima ya kazi nilikuwa nimeiskani kupitia vumbi hilo.

Tangu hapo picha ya nje ya mashine hainishawishi. Naomba muuzaji askani slaidi yenye weusi uliopakana na mwanga mkali, anitumie bila kuirekebisha. Kama ni skana ya kulaza (yenye kioo kipana cha kulazia picha, kama V700), askani pia kioo kitupu, nami nitapandisha kontrasti mwenyewe. Ukungu ulioganda chini ya kioo hujitokeza mara moja.

Halafu vishikio vya filamu. Watu huviona kama nyongeza, kumbe filamu ya 120 iliyojikunja, bila kishikio kizuri, itakuwa kali katikati na hafifu pembeni hata mashine iwe ya bei gani. Kwa Coolscan, kishikio chenye kioo ndicho kinachoinyoosha kweli, na kukitafuta peke yake baadaye ni kazi na gharama. V700 nayo husoma filamu iliyo kwenye kishikio kwa lenzi yake yenye undani zaidi. Ukiilaza juu ya kioo inahamia lenzi nyingine.

Programu si tatizo kubwa, VueScan bado inazitambua skana nyingi za zamani. Waya ndio tatizo. Coolscan 9000 hutumia FireWire, skana za Flextight za mwanzo hutumia SCSI, na kompyuta mpya hazina tundu la vitu hivyo. Wanaodumu na mashine hizi mara nyingi huwa na kompyuta kuukuu iliyotengewa kazi hiyo tu, kwa hiyo iweke kwenye bajeti yako.

Muuzaji akisema hana muda wa kuskani slaidi moja ya majaribio, mimi humshukuru na kuendelea kutafuta.