Msinitajie idadi ya kyubiti, nitajieni foleni

Kampuni ya kompyuta za kwantumu ikitoa tangazo, kijiweni kwetu hapa Nyegezi hugombewa jambo moja tu: ina kyubiti ngapi, yaani vile vijisehemu vinavyobeba hesabu, kama biti za kompyuta ya kawaida? Novemba 2025 kampuni ya Quantinuum walipoitangaza mashine yao Helios yenye kyubiti 98 za ayoni za bariamu, watu wakacheka. Si IBM walishafikisha 1,121 tangu 2023? Huo ni ushabiki.

Ayoni hizi ni atomu zilizonyang'anywa elektroni. Umeme huzining'iniza ndani ya ombwe, nafasi isiyo na hewa, zisiguse chochote, na leza ndizo zinazozipa amri. Atomu za aina moja zinafanana tangu kuumbwa, hakuna ya fundi huyu wala ya fundi yule. Ukiunganisha kyubiti mbili ndani ya Helios, kosa halifiki hata moja katika elfu.

Shida huanza ukizitaka nyingi. Zipange mstari mmoja, kila moja itamtikisa mwenzake. Mstari ukirefuka mitetemo hubanana, leza ikashindwa kugusa mmoja bila kuamsha mwingine, na kazi ikazidi kuzorota. Ndiyo maana mwaka 2002 wanafizikia Kielpinski, Monroe na Wineland walipendekeza chipu yenye vyumba na njia: volti zisukume ayoni kutoka ghalani hadi penye leza, kisha zirudi. Helios ina hadi njia panda.

Sasa kumbuka kivuko cha Kigongo–Busisi kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025. Kuvuka kwenyewe kulikuwa si kitu. Siku yako ililiwa na foleni, kupanga malori na kusubiri pantoni irudi. Mashine hizi nazo muda wake mwingi huishia kuhamisha ayoni na kuzipoza upya, yaani kuzituliza mtikisiko, baada ya safari, hesabu yenyewe ikachukua kipande kidogo. Tena kwa kawaida kila elektrodi, kipande cha chuma kinachosukuma ayoni, inadai volti yake, kwa hiyo ukiongeza vyumba umeongeza na nyaya za kupenyeza kwenye ombwe. Hizo nyaya ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko kitu kingine, na sioni zikizungumzwa.

Wapo wanaotaka chipu ndogondogo ziunganishwe kwa mwanga. Mwaka 2025 watafiti wa Oxford waliunganisha mitego miwili ya kushikia ayoni iliyoachana kama mita 2, operesheni ya pamoja ikatoka na usahihi wa asilimia 86. Siibezi, lakini kwa 86 bado sana.

Tangazo lijalo nitaruka idadi. Nataka kujua operesheni moja, ukijumlisha safari na kupoza, inachukua muda gani, na nyaya ngapi zinaingia.