Shairi Hujia au Hutafutwa?

Mjomba wangu wa Tanga alikuwa mvuvi, na mtaani kwao ndiye aliyekuwa malenga. Harusi au hitima, watu walimtazamia yeye na ubeti wake. Nikiwa mdogo nilimwuliza mashairi anayatoa wapi. Akanijibu neno moja: "Hunijia." Nililishika neno hilo miaka mingi, na nilipoanza kutunga mwenyewe nikawa nakaa barazani jioni, daftari pajani, nangoja nijiwe. Sikujiwa.

Vijana wanaotaka kutunga huambiwa hivyo hivyo hadi leo: usilazimishe, subiri likujie. Wapo wanaowaambia kinyume chake, kwamba kujiwa ni hadithi za wavivu, ukitaka kutunga kaa kitako uandike kila siku, uwe na hamu usiwe nayo. Nimezifuata njia zote mbili kwa nyakati tofauti. Naamini kila upande umeona kitu cha kweli, ila wanaongoja ndio wanaowapoteza vijana wengi zaidi, kwa sababu wanasimulia mwisho wa safari tu.

Tusiwapuuze, hata hivyo. Lugha yenyewe iko upande wao. Kwa Kiswahili wazo hukujia, hukukaa, hukutoka. Mtendaji ni wazo, wewe ni mwenyeji wake tu. Hata neno kipaji lina mzizi mmoja na mpaji: ni kitu ulichopewa. Na ushuhuda hautoki kwa washairi peke yao. Henri Poincaré, mwanahisabati wa Ufaransa, alisimulia jinsi wazo la hisabati lilivyomshukia mjini Coutances, pale alipokuwa akiinua mguu kupanda gari la abiria, wala hakuwa akifikiria hisabati. Aliyewahi kupata mshororo mzima akiwa amening'inia mlangoni mwa daladala atamwelewa.

Lakini Poincaré alisimulia na yaliyotangulia. Kabla ya safari ile alikuwa amekaa mezani siku 15 mfululizo akijaribu njia moja baada ya nyingine bila kufika popote. Na mjomba naye? Miaka baada ya kufariki kwake nilimweleza mkewe jibu lile la "hunijia". Akatikisa kichwa. "Humjia wapi! Akishaanza kutunga alikuwa hajui hata amekula nini. Siku tatu anashona nyavu, midomo inamcheza, vidole vinahesabu." Mjomba hakunidanganya. Aliniambia habari ya dakika ile ya mwisho, akaziacha zile siku tatu, labda kwa kuwa hakuzihesabu kuwa ni kazi.

Vidole vile vilikuwa vinahesabu mizani, yaani silabi. Shairi la mishororo minne tulilozoea lina mizani 16 kila mshororo, nane kwenye ukwapi, ndiyo nusu ya kwanza, na nane kwenye utao, nusu ya pili, na kila nusu ina kina chake, silabi ya mwisho inayorudiwa katika mishororo. Asiyetunga huona haya ni minyororo: unalo wazo lako zuri, kisha unalazimika kulikata likae kwenye kipimo. Mimi nimeona mambo yakienda kinyume mara nyingi mno kuweza kukubali hivyo.

Nitoe mfano mmoja. Binti wa dada yangu alipokuwa anaolewa, niliombwa beti za kumuaga. Nilikuwa na yale yale ambayo kila mtu huwa nayo: furaha, machozi, Mungu awajalie. Mshororo wa kwanza ukaishia kwenye machozi, basi kina changu kikawa "zi". Mlezi nikalitumia, mwezi nikalitumia. Likabaki pengo la mwisho na maneno yakaniishia. Nikaanza kuyapitia yanayobaki, ngazi, kazi, mizizi, hadi nikafika kwenye uzi. Nikasimama hapo. Dada yangu alikuwa fundi cherehani; binti yule alisomeshwa kwa sare za shule na mashela ya watu yaliyoshonwa usiku chini ya taa. Nilikuwa nalijua hilo maisha yangu yote na halikunipitia kichwani hata mara moja nilipokuwa nawaza juu ya harusi. Nikaandika: "ada yako ni ya uzi". Mizani nane. Nikazifuta beti zote za mwanzo nikaanza upya kutoka hapo. Baadaye dada aliniuliza nilikumbukaje ile cherehani. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa natafuta kina.

Sasa wazo lile lilitoka wapi? Lilikuwa ndani yangu, lakini nisingelifikia kwa kutafakari. Kina kilinizuia njia niliyoizoea, nikalazimika kupita uchochoroni, na uchochoroni ndiko lilikokuwa. Kwa lugha yetu hili lina maana ya pekee, maana vitenzi vingi huishia na "a", na mtunzi akitaka urahisi anaweza kufunga shairi zima kwa vitenzi bila kutoka jasho. Ndiyo maana wazee wa fani walimheshimu aliyethubutu vina vigumu. Ugumu ulimpeleka kwenye maneno ambayo mkono haukuyazoea.

Upande wa pili, wa wanaoona vina na mizani ni minyororo, una hoja nzito, na historia ya ushairi wetu imezihifadhi. Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na kwa wengi kikawa ndiyo mizani ya kupimia lipi shairi na lipi si shairi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mabishano yalikuwa makali, na wapo waliokataa kabisa kuyaita mashairi. Nimekulia upande wa wakataaji. Lakini soma kurasa za mashairi za magazeti uone kina kinavyoweza kuua wazo. Mtunzi hana la kusema, anajaziliza: "jama", "nambieni", "nasema kweli". Neno linakatwa mkia, jingine linavutwa, ili hesabu itimie. Huo nao ni mtiririko, maji yanapita kweli, ila hayabebi kitu. Mtu anaweza kutunga beti kumi kwa saa moja kwa namna hiyo na kujiona amejaliwa.

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Kumwambia mtu kama yeye kwamba fikra zake zote lazima zipite kwenye mlango uliochongwa pwani lilikuwa jambo zito, na naona alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini. Nisichokubali ni pale wafuasi wake wanapodhani kwamba ukiondoa sheria wazo litatiririka lenyewe. Shairi huru linakunyang'anya fimbo ya kutembelea. Pasipo kina cha kukubeba, kila mshororo lazima usimame kwa nguvu ya picha na pumzi yake. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kuhesabu hadi nane.

Kuna wanaosema kinachotakiwa ni utulivu: chumba, meza, muda. Hapo mimi humkumbuka mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka ulioihoji serikali ya Kenya, akatoka mwaka 1972, na mashairi aliyoyatunga kifungoni, mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni na kuyaficha, yalichapishwa mwaka 1973 yakiitwa Sauti ya Dhiki. Hakuwa na meza. Sipendi lakini watu wanavyolitumia jambo hili kudai kwamba mateso huzaa sanaa. Watu wengi walifungwa, na jela haikuwapa ubeti hata mmoja. Iliwachukulia afya na miaka. Abdilatif aliingia na kitu tayari. Alilelewa na mshairi, Ahmad Basheikh Husein, na nduguye Ahmad Nassir alikuwa malenga mwenye jina. Masikio yake yalikuwa yamejaa mashairi miaka mingi kabla ya mlango kufungwa. Upweke ule uliyakuta yamo.

Kujaa huko ndiko ninakokuona kuwa msingi, na vijana hawaambiwi. Wanaulizwa kama wana kipaji, hawaulizwi wamehifadhi beti ngapi za wengine. Ndivyo ilivyo hata kwenye uchoraji. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, akafariki mwaka 1972. Wanafunzi wake walijifunza kwa kunakili, tembo kwa tembo, ndege kwa ndege. Yapo malalamiko ya haki kwamba wengine waliishia hapo hapo, wanachora kile ambacho mtalii atanunua. Lakini mkono ulionakili chui mia moja unajua pa kwenda akili inapotaka kuacha njia. Usionakili hata mmoja hauna njia ya kuiacha.

Na baada ya kujaa, lazima pawe na nafasi. Hapa nawarudia wanaongoja, maana wamejua kitu ambacho wachapakazi hukisahau. Zamani malumbano ya washairi yalipitia gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 na kutoka kila mwezi. Mtu akikutupia fumbo lake, jibu lako lisingesomwa kabla ya toleo jingine. Wiki kadhaa ulilala na kuamka na ubeti wa mwenzako, ukaenda nao shambani na sokoni. Leo tunalumbana kwenye makundi ya WhatsApp. Ubeti unaingia saa mbili usiku, saa mbili na robo umeshajibiwa mara tatu. Faida ipo: ulimi unanolewa, woga unaisha, na kijana aliye Kigoma anapambana na malenga wa Lamu bila nauli. Ila nikiyapitia majibu yale ya robo saa nakuta karibu yote ni kile ambacho kila mmoja wetu angekisema. Ni machozi na mwezi. Hakuna aliyepata muda wa kufika kwenye uzi.

Kwa hiyo siku hizi ubeti ukiingia nausoma mara mbili, naihesabu mizani kwa vidole, kisha nazima simu. Kesho yake natembea nao hadi kazini. Najibu siku ya pili jioni, wakati mwingine ya tatu, wenzangu wakiwa wameshahamia fumbo jingine, na wapo wanaodhani nilishindwa.