Sukari Iliyobaki Kwenye Sahani

Baba yangu aliacha sukari siku ile ile aliyoambiwa ana kisukari. Hakuomba muda wa kuzoea. Alitoka hospitali, akafika nyumbani Muheza, akamwambia mama aliondoe kopo la sukari mezani, na tangu hapo chai yake ni ya rangi, yenye tangawizi na mchaichai, basi. Huyu ni mtu aliyekunywa chai ya vijiko vinne kwa zaidi ya miaka hamsini. Sote tulimpongeza. Miezi minne baadaye alipokuja kukaa kwangu Dar es Salaam, nilimpima sukari ya damu asubuhi kabla hajatia kitu kinywani. Mashine ikasoma milimoli 11.8 kwa lita. Kwa mtu ambaye hajala tangu jana yake, 7.0 tu tayari ni kisukari.

Nikaanza kumtazama anavyokula. Asubuhi chai isiyo na sukari na chapati tatu. Saa nne muhogo wa kuchemsha. Mchana ugali, ule wa mwanaume aliyelima, uliosimama kwenye sahani kama kichuguu, na pembeni samaki mmoja na mchicha wa kujaza kiganja. Usiku wali na maharage, wali ukiwa mwingi na maharage ya kulowanishia. Katikati ya siku ndizi mbivu mbili tatu. "Sukari sijaigusa, mwanangu," aliniambia, na alikuwa anasema kweli kwa jinsi alivyoelekezwa. Hospitalini aliambiwa aache vitu vitamu. Ugali si mtamu. Wali si mtamu. Nani angemlaumu?

Lakini mimi ninalaumu maelekezo ya namna hiyo, na ndiyo maana ninaandika. "Acha vitu vitamu" ni ushauri nusu, na nusu iliyobaki ndiyo kubwa.

Ugali, wali, chapati na muhogo vimejaa wanga, na wanga ni sukari iliyoshikana mnyororo. Hilo si fumbo la kitaalamu. Tulilifanyia jaribio darasani na unaweza kulirudia leo jioni. Chukua tonge la ugali mtupu, bila mboga, ulitafune bila kulimeza. Baada ya muda kidogo utaanza kusikia utamu kwa mbali. Ni mate yako yanaukata ule mnyororo, na utumbo mdogo unamalizia kazi. Kinachoingia kwenye damu ni glukosi, ile sukari inayosomwa na mashine. Robo kilo ya unga wa sembe, ambayo mwanaume mwenye njaa anaimaliza peke yake bila kuhema, ina wanga wa takriban gramu 180. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4. Piga hesabu mwenyewe: kwa uzito, hivyo ni vijiko 45. Sukari ya mezani nusu yake tu ndiyo glukosi, wakati wanga wa ugali wote unaishia kuwa glukosi. Baba aliondoa vijiko vinne kwenye kikombe akabakiza 45 kwenye sahani, na hakuna aliyemwonyesha.

Kwa mwenye afya, kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, linamwaga homoni ya insulini, glukosi inaingia kwenye seli, mambo yanaisha. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, mwili unaikaidi ile insulini, kongosho linaongeza, mwili unakaidi zaidi, hadi kongosho lenyewe linachoka. Sukari inabaki inazunguka kwenye damu ikila mishipa midogo ya macho, ya figo, ya nyayo. Na tusidhani hii ni habari ya nyumba chache. Tafiti zilizofanywa katika vijiji vya Tanzania miaka ya 1980 zilikuta kisukari kwa kama mtu mmoja katika watu wazima mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu tisa katika mia. Vipimo na makundi ya umri havikulingana, lakini mwelekeo haufichiki.

Nimewaza sana kwa nini ni vigumu kwetu kuuona ugali kama sukari, na nadhani jibu moja limo ndani ya lugha yetu. Sisi tunaita ugali na wali "chakula". Vingine vyote, nyama, samaki, dagaa, maharage, mchicha, tunaviita "mboga" au "kitoweo". Mtu akifika nyumbani anauliza, "Leo mboga gani?" Haulizi kama kuna ugali, maana ugali ndio mlo wenyewe. Mboga ni ya kuuteremshia. Hata anayekula kuku mzima atasema hajala, kama hakupata tonge. Kwa hiyo daktari anapomwambia mzee wa Muheza "punguza chakula, ongeza mboga", masikioni mwa yule mzee maana yake ni: jinyime mlo, ushibe kiambatanishi. Ni neno gumu kuliko sisi tunaosoma makala za afya tunavyodhani.

Ndiyo maana sikumhubiria. Nilimwomba tupime pamoja. Siku ya kwanza nikapika kama kawaida yake, nikamtoboa kidole kabla ya kula: 8.9. Saa mbili baada ya ugali wake: 15.3. Siku ya pili samaki yule yule, lakini ugali nusu na mchicha mara tatu, nikauunga kwa karanga, na bamia pembeni. Kabla ya kula 9.1, saa mbili baadaye 11.0. Niliandika namba zote nne kwenye karatasi ya daftari, nikaiweka mbele yake. Akavaa miwani. Akazitazama kwa muda mrefu, akakisogeza machoni kidole chake chenye alama ya sindano, kisha akainua macho akaonyesha sufuria ya ugali jikoni. "Kumbe ni huu?"

Siku mbili za mtu mmoja si utafiti, najua. Ila kwa yeye zilitosha. Miezi minne ya maneno haikumfikisha pale alipofikishwa na matone manne ya damu yake mwenyewe. Kama una mzazi mwenye kisukari na una uwezo wa kununua kipimo na vijiti vyake, usimnunulie vitabu vya lishe. Mpime kabla na baada ya mlo anaoupenda, akiwa anaona.

Hapa niseme jambo kwa msisitizo. Kabla sijaupunguza ugali wake nilimpigia daktari, kwa sababu baba anameza vidonge. Kuna vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini, na kuna wanaochoma insulini yenyewe. Dozi zao zimepangwa kwa mlo wanaokula sasa. Ukiondoa wanga ghafla na dawa ikabaki pale pale, sukari inaweza kushuka hadi mtu akatetemeka, akatokwa jasho, akachanganyikiwa, akazimia. Kushuka kwa sukari kunaua haraka kuliko kupanda. Kwa baba, daktari alibadilisha dozi kwanza, ndipo tukagusa sahani.

Sasa sisi tusio na kisukari, tunaokaa ofisini kuanzia saa mbili. Sisi sukari ya kwenye kikombe bado inatuhusu, na sana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo kwamba sukari ya kuongeza, ikiwemo ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Kwa mlo wa kalori 2,000 hiyo asilimia 5 ni gramu 25, vijiko sita vilivyosawazishwa. Chai ya asubuhi vijiko vitatu, ya saa nne vitatu, umemaliza siku nzima kabla ya adhuhuri, na hapo bado soda ya mchana. Chupa ya mililita 350 peke yake ina karibu vijiko tisa.

Watu wanasema ulimi haukubali. Unakubali. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika, kilo mtaani kwetu ilipita shilingi 4,000. Nyumbani tulishuka kutoka vijiko vitatu hadi kimoja kwa lazima. Wiki ya kwanza watoto walinuna. Ya tatu hakuna aliyekumbuka. Sukari iliporudi madukani nikamimina vitatu kama zamani, nikashindwa kumaliza kikombe. Tena sisi watu wa pwani tuna ushahidi wetu wa siku zote: nenda kijiwe chochote cha kahawa, utawakuta wazee na vijana wanakunywa kahawa chungu, nyeusi, bila punje ya sukari, wanabishana mpira na siasa. Kashata au tende ipo pembeni, kweli, lakini kinywaji chenyewe ni kichungu na kinapendwa hivyo hivyo. Chai yenye iliki na mdalasini haina sababu ya kushindwa.

Asali nayo niiseme, ingawa najua nitawaudhi wengi. Asali ina mambo yake mazuri, lakini karibu asilimia 80 ya uzito wake ni sukari. Kumwondolea mgonjwa sukari ukampa asali kwa sababu "ni ya asili" ni kumrudisha alikotoka. Juisi ya miwa vile vile. Kutiwa ndimu na tangawizi hakuifanyi kuwa dawa.

Na ule mlo wa keto, wa kuondoa karibu wanga wote, unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na matangazo ya mkate wa unga wa lozi? Inafaa kujua ulikotoka. Ulipewa jina mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, na lengo lilikuwa kutibu kifafa. Haukuwa wa kukondesha watu. Wapo waliopungua uzito na sukari kwa kuufuata, sikatai. Lakini katika niliowaona wakiuanza wengi waliuacha ndani ya miezi miwili, kwa sababu hauwezi kuishi kwenye sufuria moja na familia. Mama anapika ugali wa watu saba, wewe unakaanga mayai yako peke yako. Mlo unaokutenga na sinia la nyumbani haudumu, na sipendi kuona watu wakijilaumu kwa kushindwa jambo ambalo halikutungwa kwa maisha yao.

Kinachodumu ni kubadilisha vipimo kwenye sinia lile lile. Na hapa lazima nikubali jambo linaloniuma. Ugali unakuwa mwingi sahani nyingi kwa sababu ni wa bei nafuu. Si bure watu wa mjini huita familia yenye uwezo "mboga saba". Anayebeba mizigo Kariakoo tangu alfajiri anauhitaji ule ugali na mwili wake unauchoma, simsemi yeye. Ninamsema anayekula sahani ya mbeba mizigo kisha akarudi kwenye kiti. Na kwa wenye kipato kidogo, mboga nyingi haina maana ya nyama. Tembele, kisamvu, mlenda, nyanya chungu, kunde, choroko, dagaa: hivi vinajaza sahani kwa pesa ambayo wengi wetu tunaimalizia kwenye soda na maandazi ya saa nne. Kunde na choroko zina wanga pia, ila umefungwa na nyuzinyuzi na protini, unaachiliwa taratibu. Dona ni bora kuliko sembe, maana kiini na pumba vimebaki humo. Lakini dona bado ni unga wa mahindi, na mlima wa dona ni mlima.

Kazi ngumu zaidi ni ya futari. Naipenda meza ya Ramadhani kuliko meza yoyote ya mwaka: muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Ukiitazama kwa macho ya kongosho, yote hayo ni kitu kimoja kilichovaa kanzu tofauti. Nyumbani mwaka huu tumekubaliana wanga aina moja kwa siku, samaki au mbaazi ziwepo, na kaimati Alhamisi tu. Mama mdogo alilalamika siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza kama mbaazi zimebaki.

Baba amerudi Muheza. Mama amebadilishana masufuria: lile kubwa la ugali sasa linapikiwa mchicha, na ugali umehamia kwenye dogo lililokuwa la mboga. Wiki iliyopita baba alinipigia kabla ya jua kuchomoza. "Saba na pointi sita," akasema, bila hata salamu. Halafu, kwa kuwa kwetu ni msimu na mti wa uani umeinama kwa uzito, akaniuliza, "Na machungwa je, mwanangu?" Nikamwambia ale moja, zima, pamoja na zile nyama zake, asilikamue. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atanihifadhia kiroba kizima.