Gemu ya kupigana ihakikiwe na anayeicheza

Mwandishi, umeandika kwamba gemu yenye alama chini ya 80 kati ya 100 kwa wahakiki haifai kununuliwa. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Alama hutolewa na mtu, na kila mtu ana anachokipenda. Mpe mpenzi wa gemu za hadithi ndefu gemu ya kupigana, atalalamika kuwa hadithi ni fupi! Njoo jioni Majengo, hapa Moshi, uwaone vijana kwenye vibanda vya gemu. Hakuna anayeuliza hadithi. Wanachotaka ni pigo litoke palepale kidole kinapobonyeza, wapiganaji wasizidiane nguvu kupita kiasi, na baada ya mwezi bado kuwe na mbinu mpya za kujifunza. Mhakiki aliyecheza peke yake siku mbili tatu atayajuaje hayo?

Na alama hizi ni riziki za watu. Kampuni ya Obsidian, waliotengeneza gemu ya Fallout: New Vegas iliyotoka 2010, walikosa bonasi kwa sababu wastani wao kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, ulikuwa 84 wakati lengo lilikuwa 85. Alama moja tu!

Jarida la Famitsu la Japani huwapa wahakiki wanne gemu moja, kila mmoja akatoa alama yake kati ya 10. Hata wanne wanaweza kuwa na ladha ileile, lakini ni afadhali. Ninyi naomba muanze na hili: chini ya kila uhakiki, andikeni mhakiki amezoea gemu za aina gani, na hiyo kaicheza na nani.