Macho Yaliyoachwa Kivulini

Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alipojichora mwenyewe mjini Leiden, yapata mwaka 1628, alikuwa kijana wa miaka 22 hivi, mwana wa msaga nafaka, na jina lake lilikuwa bado halijavuma. Picha hiyo, ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum mjini Amsterdam, imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya ubao wenye kimo cha sentimita 22.6 na upana wa 18.7, yaani ni ndogo hata kuliko karatasi ya kuandikia barua. Huwezi kuitazama ukiwa mbali. Inakulazimu usogee, kama unavyomsogelea mtu anayenong'ona.

Nuru inatoka kushoto kwa mtazamaji, inapita shingoni, inagusa ndewe na shavu lake la kulia, kisha inaishia kwenye ncha ya pua. Macho, ambayo wachoraji wengi wa sura za watu huyatunza kuliko kitu kingine chochote, yamefunikwa na kivuli.

Mimi naamini kivuli hicho ndicho moyo wa picha. Ni kweli kwamba miaka ile Rembrandt alijichora mara nyingi akijifunza mwanga na giza, lakini mazoezi peke yake hayaelezi kinachotokea ukitulia mbele ya uso ule: macho yako yanalizoea giza taratibu, kama yanavyozoea chumba kilichozimwa taa, hadi mboni mbili zinajitokeza, nawe unatambua kwamba kijana yule alikuwa anakutazama tangu ulipofika.

Nywele nazo zinastahili kutazamwa kwa subira. Aliigeuza brashi, akaikwaruza rangi ingali mbichi kwa ncha ya mpini, na kila mkwaruzo ukawa unywele uliojisokota na kushika mwanga. Nuru ile hakuipaka. Aliipata kwa kuondoa.

Ndiyo maana inaniuma kukuta kwenye intaneti nakala zilizoongezwa mwangaza kwa programu ili macho yaonekane vizuri. Giza linageuka kahawia iliyofifia, ukuta wa nyuma unapauka, na shavu linapoteza mng'ao wake kwa sababu kando yake hakuna tena weusi wa kuushindanisha nao. Macho yanaonekana mara moja, na mtazamaji hana tena sababu ya kusubiri.