Mwili wangu si salamu

Jumapili natoka kanisani, nampa shangazi mmoja shikamoo, na hata marahaba hajamaliza kuitika: "Mwanangu, mbona umekonda hivi? Unaumwa?" Mbele za watu. Mwaka jana ni yeye huyohuyo aliyeniambia nimejiachia, nimekuwa kama pipa.

Jamani, inachosha. Najua wengi hawana nia mbaya. Kwetu kunenepa kulihesabiwa neema, na kukonda kulitisha. Uganda miaka ya 1980 UKIMWI uliitwa "slim" kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Hofu ile bado imo ndani ya hilo "unaumwa?", ndiyo maana linachoma. Na unayemuuliza huenda amefiwa, au ana tatizo la tezi ya shingo, au amejifungua juzi na usiku halali. Ajieleze pale mlangoni, kila mtu akisikiliza?

Mimi imenichukua muda mrefu kujitazama kwenye kioo bila kununa. Miezi ya kujisemesha kwa upole, halafu sentensi moja tu inanirudisha nyuma wiki nzima, nachagua nguo za kujificha.

Safari hii sikucheka kinafiki kama siku zote. Nilimwambia kwa heshima, "Shangazi, niulize moyo wangu uko vipi, nitakuambia." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kweli. Tulikaa kwenye benchi karibu nusu saa. Kumbe naye halali, tangu mwanawe aondoke nyumbani.