Nondo Chini ya Lipu: Nani Astahili Punguzo la Bima ya Tetemeko?

Jirani yangu wa Moshono, Arusha, alipofikisha ujenzi wa nyumba yake usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, fundi alikuwa ametandaza nondo mbili tu juu ya ukuta. Mwenye nyumba akataka nne, zilizofungwa pamoja kwa ringi za chuma kila baada ya sentimita ishirini. Fundi akacheka: "Mzee, hii si ghorofa." Walivutana asubuhi nzima, zikawekwa nne. Kesho yake zege likamwagwa, baadaye lipu ikapigwa, na leo ukisimama barabarani huwezi kuitofautisha nyumba ile na ya upande wa pili, iliyowekewa mbili. Kwa bima nazo ni pacha: kuta za tofali za saruji, paa la bati, ada ileile.

Aliyegharamia nondo mbili za ziada ana haki ya kuuliza mbona analipa sawa na asiyegharamia.

Wapo watakaosema matetemeko ni ya Wajapani, sisi Arusha tuna mvua na foleni. Wamesahau Julai 2007. Tarehe 17 mwezi ule tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga upande wa Gelai, karibu na Ziwa Natron, na ardhi ikaendelea kutikisika kwa wiki kadhaa. Septemba Oldoinyo Lengai ukalipuka kwa kishindo. Tumekaa juu ya bonde la ufa, na Mlima Meru tunaopigia picha kila asubuhi ni volkano iliyotoa moto mara ya mwisho mwaka 1910. Kagera ndiko tulikolipa bei yenyewe: Septemba 10, 2016, kipimo kilekile cha 5.9, watu 17 wakafariki na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka. Michango ilipokusanywa, serikali ilieleza kwamba fedha zingeelekezwa kwenye miundombinu ya umma kama shule, na kila mtu ajenge nyumba yake. Wengi hawakuwa na bima ya kuwasaidia kuijenga.

Wanaotaka punguzo huitaja California, na wana sababu. Tetemeko la Northridge la Januari 1994 liliyatoa makampuni ya bima jasho kiasi kwamba mengi yaliacha au yakabana kuuza bima za nyumba, ndipo mwaka 1996 ikaundwa mamlaka maalumu ya bima ya tetemeko, CEA. Huko ada hutegemea mahali nyumba ilipo, mwaka iliojengwa, aina ya msingi na vifaa vya ujenzi. Mwenye nyumba ya mbao ya zamani akiifunga kwa bolti kwenye msingi na kuimarisha kuta fupi za chini, anaweza kupunguziwa hadi asilimia 25. Japani wamekwenda mbali zaidi: punguzo huanzia asilimia 10 na kufika 50, kulingana na uimara wa jengo. Hoja ya wanaotaka punguzo haina mzunguko. Nyumba imara itadai fidia ndogo, kwa hiyo ilipe kidogo, na bei yenyewe imfundishe mtu kujenga vizuri.

Nakubaliana nao katika haki. Katika hesabu ndipo tunapoachana.

Hapa kwetu tetemeko kwa kawaida halikatiwi bima peke yake. Linaingia ndani ya bima ya moto na majanga mengine, pamoja na dhoruba, mafuriko na gari kugonga ukuta. Tuchukue mfano wa kubuni, nyumba ya shilingi milioni 80 inayolipiwa ada ya shilingi 160,000 kwa mwaka kwa majanga yote hayo. Tuwe wakarimu, tukate asilimia 20 ya ada nzima: umeokoa shilingi 32,000. Kuimarisha nyumba iliyokwisha kujengwa si kazi ya siku moja. Unavunja lipu, unaongeza lenta juu ya kuta, unafunga kenchi za paa zisiachie, unaushika ukuta wa pembetatu chini ya paa ambao huwa wa kwanza kudondoka. Fundi akikuambia milioni nne, hujaonewa. Gawanya: miaka 125. Mjukuu wako ataanza kufaidi. Hata Wamarekani hesabu yao haikai sawasawa bila msaada, ndiyo maana California kuna ruzuku ya hadi dola 3,000 kwa nyumba zinazostahili.

Wanaolipinga punguzo wana hoja nyingine ambayo kwangu ni nzito kuliko hiyo ya hesabu. Nani ataingia ndani ya ukuta kuthibitisha? Cheti cha uimara kikianza kuwa na bei, kitauzwa, na sisi tunajua vyeti vinavyouzwa. Halafu tazama nani atanufaika. Mwenye nyumba ya Njiro iliyosimamiwa na mhandisi atapunguziwa, mama wa mtaa wa Unga Limited mwenye chumba cha tofali zilizoshikana kwa udongo ataonekana hatari na kuongezewa, mpaka aachane na bima kabisa. New Zealand kwa miaka mingi walikwepa mtego huu kwa kutoza tozo ya kiwango kimoja juu ya bima ya moto, nyumba dhaifu na imara zikachangia mfuko mmoja. Gharama yake ni kwamba aliyejenga vizuri anambeba aliyejenga ovyo, lakini mfuko unakuwa mpana. Kwetu upana ndio tatizo: wakata bima ya nyumba ni wachache, wengi wao wakiwa wamelazimishwa na benki iliyowakopesha.

Kwa hiyo nikiulizwa niko wapi, nasema punguzo liwepo, ila lihamishwe mahali. Ada ibaki karibu sawa kwa wote. Zawadi ya aliyejenga vizuri iwe kwenye ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hujibebea kwanza kabla kampuni haijatoa kitu. Nyumba ikipasuka, mwenye lenta kamili aanze kujibebea kidogo, mwingine zaidi. Shilingi 32,000 kwa mwaka hazibadilishi mawazo ya mtu. Tofauti ya milioni kadhaa siku ya kudai fidia inabadilisha, hasa ukimwambia kabla hajamwaga zege. Hapo ndipo nguvu ya bima ilipo, na kuvunja lipu za zamani kuje baadaye. Nondo mbili za ziada wakati wa kujenga ni bei ya mbuzi. Kuziingiza miaka kumi baadaye ni bei ya ng'ombe wawili na fundi anayegoma.

Ukaguzi nao unawezekana bila jeshi la wakaguzi. Benki ikikopesha ujenzi kwa awamu, mtu wake hufika eneo la kazi kabla ya kutoa awamu inayofuata. Apige picha za lenta ikiwa wazi, nondo zikihesabika, na picha hizo ziambatanishwe na hati ya bima. Uturuki, ambako bima ya tetemeko kwa nyumba ni ya lazima tangu baada ya janga la 1999, hati ya bima hiyo huonyeshwa hata wakati wa kuunganishiwa umeme. Sisemi tulazimishe leo. Nasema wamepata mlango ambao kila mwenye nyumba lazima aupitie.

Jirani yangu alikuwa na picha zake kwenye simu, kumi na mbili, moja ikionyesha mkono wa fundi akikaza waya kwenye ringi. Alipokwenda kukata bima alimwonyesha wakala. Wakala alizipitia zote kwa heshima, akarudisha simu, akageuza fomu. Kulikuwa na mstari wa kuta, wa paa, na wa umbali hadi kituo cha zimamoto. Akaandika "tofali", akaandika "bati", akauliza kilomita ngapi.